Kulipia sinema melini wakati nauli imekwisha kulipwa

Ndugu, umeuliza kama ni haki abiria wa meli ya kitalii kutozwa fedha za ziada ili atazame filamu, ilhali nauli yake inasemekana kujumuisha burudani. Kwa maoni yangu, inategemea kinachouzwa. Meli nyingi huonyesha filamu bila malipo, ama kwenye runinga ya chumbani ama kwenye skrini kubwa iliyo kando ya bwawa la kuogelea, kama kampuni ya Princess ilivyoanza kufanya mwaka 2004 katika meli ya Caribbean Princess. Jumba la IMAX, yaani jumba la sinema lenye skrini kubwa mno, ni jambo jingine: Carnival Vista, iliyoanza safari mwaka 2016 ikiwa meli ya kwanza kuwa nalo, huuza tiketi zake kando, na bisi nazo hulipiwa.

Mimi ningelipa mara moja tu, siku ambayo meli inashinda baharini na mvua imewafukuza watu kwenye sitaha, tena kwa filamu isiyopatikana chumbani. Kumbuka pia kwamba gharama hiyo huingizwa kwenye hesabu ya chumba chako, hivyo mwenye watoto wanne aikague hesabu hiyo kila jioni.