Katikati ya Novemba, tafuta majike kwanza: kwa wanaoanza kuwinda katika ranchi za Montana

Ndugu wanaohamia jimbo la Montana, Marekani, wakiwemo Wakongomani waliopokewa mjini Missoula kuanzia mwaka 2016, hukutana mapema na mnyama ambaye Kiswahili hakikuwahi kumpa jina. Wenyeji humwita mule deer, wakimfananisha na nyumbu kwa sababu ya masikio yake, nao wana maana ya nyumbu wa kubeba mizigo, si yule wa Serengeti. Mimi humwita kulungu kwa kukosa neno jingine, ingawa dume la kulungu wa kwetu hukaa na pembe zake maisha yote, ilhali huyu huziangusha kila mwaka baada ya msimu wa kupandana na kuotesha mpya. Nimemwinda kwa misimu minane katika ranchi za mashariki mwa jimbo, na ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa kuambiwa kabla ya msimu wa kwanza.

Sheria nitazipitia kwa haraka, kwa kuwa kanuni hutolewa kila mwaka na ni lazima uzisome kwa wilaya utakayowinda. Aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985 huhitaji cheti cha mafunzo ya uwindaji kabla ya kupata leseni. Kwenye ardhi ya mtu binafsi ni lazima upate ruhusa ya mwenyewe hata kama hakuna kibao cha kukataza, na nguzo iliyopakwa rangi ya chungwa inayong'aa ni katazo kamili. Zipo ranchi zilizoingia katika mpango wa jimbo uitwao Block Management, ambazo mwindaji huingia bila kulipa. Baadhi yake unajiandikisha mwenyewe kwenye kisanduku kando ya barabara, na nyingine ni lazima uombe nafasi kwanza. Lango ulilolikuta limefungwa lifunge, na ulilolikuta wazi liache wazi. Mvua ikinyesha, ondoa gari mapema kwenye njia za udongo, kwa maana mfinyanzi wa huko hujaa kwenye magurudumu mpaka yakashindwa kuzunguka, na mitaro utakayoiacha mwenye ranchi atakukumbuka nayo.

Sasa nije kwenye uwindaji wenyewe. Nchi iliyo kati ya Miles City na Jordan huonekana tupu: nyasi fupi, vichaka vya kijivu vyenye harufu kali, na makorongo makavu ambayo huyaoni mpaka usimame ukingoni. Mgeni hutembea siku nzima akitafuta dume lenye pembe kubwa, naye hurudi garini bila kitu. Kosa lake ni kwamba anamtafuta mnyama ambaye katika wiki hizo hana makazi. Kupandana hufikia kilele karibu na katikati ya Novemba, na jike huwa tayari kwa muda mfupi tu, siku moja au zaidi kidogo, hivyo dume hulazimika kuzunguka kutoka kundi moja la majike hadi jingine, akinusa mkojo wao na kukunja mdomo wa juu ili kujua ni yupi aliyekaribia. Majike, kwa upande wao, hawaendi mbali. Hulala kwenye korongo lilelile na kula kwenye mabua yaleyale ya ngano. Kwa hiyo tafuta makundi ya majike, yaandike kwenye ramani, kisha uyarudie. Kundi lililokuwa bila dume asubuhi linaweza kuwa na dume jioni, na kesho yake likawa na jingine kubwa zaidi.

Kazi hii ni ya macho kuliko miguu. Kaa chini ya ukingo wa kilima, usisimame juu yake ambako umbo lako litaonekana dhidi ya anga, weka darubini kwenye stendi ya miguu mitatu, na ukague kila kivuli polepole, ukitafuta sikio, mstari wa mgongo au weupe wa matako. Katika msimu wangu wa pili niliona majike sita, nikawahesabu kwa dakika tano, nikaamua kwamba hapakuwa na dume, nikavuka ukingo nikitembea wima. Dume lilikuwa limelala mita 30 chini yangu, nyuma ya kichaka, likimlinda jike wa saba ambaye sikumwona. Liliondoka kwa ule mruko wao wa ajabu, miguu yote minne ikigonga ardhi kwa pamoja. Siku hizi mimi hulitazama kundi kwa saa nzima kabla sijasogea.

Katika kunyemelea, upepo ukupige usoni, na usijidanganye kwamba dume aliyepumbazwa na majike ni mjinga. Huenda yeye asikutazame, lakini majike yana masikio na pua, na wakikimbia naye atawafuata. Ukifika kwenye uzio wa seng'enge, toa risasi zote kwenye bunduki kabla ya kuvuka.

Usipige mpaka dume asimame peke yake, ubavu ukikuelekea, kwa sababu katika msimu huu majike husimama nyuma yake na risasi hupenya. Upepo wa kilomita 16 kwa saa unaokatiza ubavuni unaweza kuisogeza risasi sentimita 15 hadi 20 katika umbali wa mita 300, na kwenye uwanda huo upepo wa namna hiyo huhesabiwa kuwa utulivu. Mimi sipigi zaidi ya mita 250.

Akishaanguka, kamilisha tagi, yaani kitambulisho cha mnyama kinachotolewa na leseni, papo hapo kabla ya kitu kingine. Dume la msimu huu hukojolea tezi zilizo ndani ya viungo vya miguu ya nyuma, hivyo usizishike kisha ukashika nyama. Pasua na utoe matumbo haraka hata kama kuna theluji, kwani ngozi hubana joto. Mwisho, peleka sampuli ikapimwe ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, ambao uligunduliwa kwa wanyama pori wa Montana mwaka 2017. Wataalamu wa afya wanashauri nyama ya mnyama aliyeonekana kuwa nao isiliwe. Majibu huchukua muda, kwa hiyo mimi huandika namba ya sampuli juu ya kila mfuko, naye shemeji anayepiga simu kuulizia mshikaki huambiwa asubiri.