Magemu ya PC kwenye simu: maswali yenu kuhusu Steam, Epic na wenzake

Wadau, maswali ya kuhamishia magemu ya PC, yale mnayonunua kwenye maduka ya mtandaoni kama Steam, Epic na GOG, kwenye simu yamekuwa mengi na mengi yanafanana, kwa hiyo leo nimechukua yale ambayo mtu akijibiwa anaokoa hela yake, maana naona kuna watu wako tayari kununua upya gemu ambalo walishalilipia, na hiyo inaniuma kweli.

Nina magemu kibao Steam na PC iko nyumbani. Naweza kuyacheza kwenye simu bila kununua tena? (Morogoro)

Unaweza, na hii ndo njia ningemwambia kila mtu aanze nayo. Daunlodi Steam Link, ni programu ya bure ya Valve wenyewe, wenye Steam, PC ndo inalicheza gemu, simu inapokea picha tu na kurudisha unachobonyeza. Kama simu na PC ziko kwenye waifai moja bando lako haliguswi wakati wa kucheza, picha inatoka kwenye PC inapita kwenye rauta inafika kwenye simu, haitoki nje ya nyumba. Kuna na Moonlight, hiyo unaweka kwenye simu halafu kwenye PC unaweka Sunshine, zote bure, na mimi naikubali zaidi kwa sababu haijali gemu umelitoa Steam, Epic au GOG.

Sasa wengi wakijaribu wanasema inaganda wanaifuta. Kabla hujafuta, ichomeke PC kwenye rauta kwa waya. Ukiacha zote mbili kwenye waifai, picha inasafiri hewani mara mbili, na hapo ndo unabonyeza kuruka jamaa anaruka ukiwa umeshaanguka shimoni. Na simu iweke kwenye 5 GHz, siyo 2.4, ile 2.4 mmejazana na majirani wote. Waya wa LAN ni bei ndogo tu na unabadilisha kila kitu aisee.

Sina PC kabisa. Hizi za kustrimu kutoka kwenye seva zinakula bando kiasi gani? (Kisumu)

Zinakula sana. GeForce Now, huduma ya kustrimu ya Nvidia, wenyewe wanataka spidi ya angalau 15 Mbps kwa picha ya 720p, na 25 Mbps kwa 1080p. Piga hesabu, 15 Mbps ukiitumia yote saa nzima ni karibu GB 7. Ukiwa na fiba ya mwezi sawa, ila kwa bando la kununua kwa GB siwezi kukushauri. Halafu kuna umbali, seva ikiwa mbali hata spidi ikiwa kubwa bado utachelewa, Nvidia wanataka mwendo wa kwenda na kurudi usizidi milisekunde 80. Kabla hujalipia chochote hakikisha huduma inakubalika rasmi nchini kwako, usitegemee VPN ya kujifanya uko nchi nyingine.

Kingine ambacho watu hawaambiwi ni kwamba GeForce Now haikuuzii gemu, inasoma maktaba yako ya Steam au Epic, na inacheza yale tu ambayo kampuni iliyotengeneza imeruhusu. Mwaka 2020, huduma ikiwa ndo kwanza imefunguliwa kwa watu wote, Activision Blizzard na Bethesda waliondoa magemu yao, mtu gemu ni lake, kalilipia, na bado hawezi kulicheza kule.

Nimeona video mtu anacheza magemu ya PC ndani ya simu yenyewe, bila PC wala intaneti. Ni kweli? Nina Infinix. (Tanga)

Ni kweli, na hii ndo sehemu inayonisisimua kuliko zote, sema hapo kwenye Infinix ngoja tuongee.

Gemu la PC limeandikwa kwa lugha ya prosesa za Intel na AMD, simu yako ina prosesa ya ARM, hazielewani. Pia gemu linategemea kukuta Windows, simu ina Android. Kwa hiyo programu kama Winlator zinaweka wakalimani kadhaa katikati: Box64 anageuza amri za prosesa, Wine anajibu kila gemu linapoiita Windows, na DXVK anachukua michoro ya Direct3D ya Windows anaigeuza kuwa Vulkan ambayo simu inaielewa. Yote hayo yanafanyika wakati unacheza, ndo maana simu inachemka na chaji inaisha mapema. GameHub ya kampuni ya GameSir na GameNative zinatumia njia hiyo hiyo ila zimerahisisha, unaingia na akaunti yako ya Steam, unaiona maktaba yako, unadaunlodi gemu moja kwa moja kwenye simu.

Sasa Infinix na Tecno nyingi zina prosesa za MediaTek au Unisoc, na chipu yao ya michoro mara nyingi ni Mali. Zile video nzuri unazoziona karibu zote ni Snapdragon, kwa sababu chipu ya Adreno iliyomo ina draiva (programu ya kuiendesha chipu) ya chanzo wazi inaitwa Turnip, imetengenezwa na watu wanaojua kazi yao, na DXVK inakaa vizuri juu yake. Kwenye Mali utapata skrini nyeusi, rangi zimevurugika, au gemu linafunguka halafu linajizima. Siyo kwamba haiwezekani kabisa, jaribu magemu mepesi ya 2D kama Undertale, ila usiende kununua gemu la dola 40 ukitegemea Infinix ilibebe. Jaribu na gemu ulilonalo tayari. Ukinunua Steam na likagoma, kumbuka wanarudisha hela kama ni ndani ya siku 14 na hujacheza kufikia saa 2.

Magemu ya mtandaoni yenye ulinzi mkali wa wadanganyifu, mfano Valorant ya PC, yasahau kabisa. Na Winlator ichukue kwenye ukurasa wa mtengenezaji GitHub, ukitafuta ovyo utaangukia APK (faili za kuinstoli) za matapeli, na humo unaenda kuweka paswedi ya Steam yenye magemu ya miaka yote. Washa Steam Guard kwanza, ule ulinzi wa Steam wa kudai kodi ya ziada mbali na paswedi.

Nikiweka duka la Epic kwenye Android, magemu niliyopewa bure kwenye PC yatatokea? (Nairobi)

Hapana. Duka la Epic la simu lilifunguliwa Agosti 2024, Android dunia nzima na iPhone kwa nchi za Umoja wa Ulaya, unalichukua kwenye tovuti yao na siyo Play Store. Mule kuna magemu yaliyotengenezewa simu, na tangu Januari 2025 wakaanza kugawa ya bure ya simu pia. Ila gemu la PC haligeuki kuwa la simu kwa sababu tu akaunti ni moja, mpaka mtengenezaji alete toleo la Android. Epic wamepigana na Apple na Google tangu Fortnite ilipoondolewa Agosti 2020, ugomvi ulianzia kwenye asilimia 30 ambayo maduka yao yalikuwa yanakata kwenye mauzo, na mimi niko upande wa kuwa na maduka mengi, maana mchezaji akiwa na pa kuchagua bei inashuka.

Na sisi wa iPhone? (Zanzibar)

Steam Link ipo, japo Apple waliikataa 2018 ikabidi isubiri mpaka Mei 2019. Moonlight ipo pia. GeForce Now unafungulia Safari. Za mtindo wa Winlator bado ngumu, Apple hawaruhusu programu za kawaida kugeuza amri papo kwa papo, na bila hiyo gemu linatambaa.

Nilicheza kwenye simu, kufungua PC seivu yangu imerudi nyuma. (Arusha)

Ulicheza simu ikiwa haina intaneti, ukafungua PC kabla simu haijapandisha seivu Steam Cloud, hifadhi ya Steam ya mtandaoni. Steam ikigundua mgongano inakuuliza ubaki na faili la kwenye kompyuta au la kwenye wingu, usibonyeze haraka, soma tarehe na saa ya kila moja. Kama bado hujacheza zaidi kwenye PC, iunganishe simu mtandaoni, ifungue, iache isawazishe. Na tengeneza kopi ya folda ya seivu.

Nikinunua Steam, gemu ni langu kweli? (Bujumbura)

Unanunua leseni, na siku hizi Steam wanakuandikia hivyo kabla ya kulipa, baada ya sheria ya California iliyosainiwa Septemba 2024. Ndo maana gemu likiwepo GOG na bei hazijapishana sana, nunua GOG: wanakupa faili la kuinstoli lisilo na kufuli, unaliweka kwenye diski yako, unalihamisha kwenye simu, unaliinstoli ndani ya Winlator bila kuingia kwenye akaunti yoyote.