Lava wa tegu wanaweza kufika moyoni?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu, mfugaji wa nguruwe huku Mbalizi, ana kifafa, na picha ya kichwa ilionyesha lava wa tegu (minyoo hao wakiwa wachanga) kwenye ubongo. Sasa moyo unamwenda mbio. Je, lava hao hufika moyoni?

JIBU: Marahaba. Hufika, ingawa ni nadra kugunduliwa, kwa kuwa vifuko vyao vikikaa ndani ya msuli wa moyo mara nyingi havitoi dalili. Vikiwa karibu na njia za umeme wa moyo, mapigo yanaweza kuvurugika. Apelekwe hospitali ya rufaa apimwe umeme wa moyo na ultrasaundi ya moyo, na sababu za kawaida zaidi, kama upungufu wa damu, zichunguzwe pia. Nakusihi sana asijinunulie albendazoli, dawa ya minyoo, dukani: lava wanapokufa husababisha uvimbe, ambao ndani ya ubongo ni hatari, hivyo dawa hiyo hutolewa chini ya uangalizi, kwa kawaida pamoja na steroidi, dawa za kupunguza uvimbe. Wengi hulaumu nyama ya nguruwe pekee, lakini nyama hiyo isipoiva huleta tegu wa utumboni, ilhali lava hawa hutokana na kumeza mayai ya tegu yatokayo katika kinyesi cha binadamu mwenye tegu utumboni. Kwa hiyo wote nyumbani wapimwe choo.