Je, baba aongeze tone la pili la dawa ya presha ya macho?

Swali: Daktari, pole na kazi. Baba yangu ana miaka 63. Alipimwa presha ya macho, jicho la kulia likasoma 29 na la kushoto 27, akaambiwa ana glakoma. Amepewa latanoprosti tone moja usiku, na timololi tone moja asubuhi na moja jioni. Huu ni mwezi wa tatu na haoni nafuu yoyote. Macho ndiyo kwanza yamekuwa mekundu. Je, aongeze tone la pili ili dawa ikolee, au aache kabisa? Halafu siku hizi anabanwa kifua usiku na kukohoa. Zamani alikuwa na pumu, ila iliisha.

Jibu: Naanza na sentensi zako mbili za mwisho, ulizozitaja kama nyongeza, kwa sababu ndizo zenye haraka. Timololi haipewi mtu mwenye pumu, hata kama pumu yenyewe ni ya zamani. Haipewi pia mtu ambaye moyo wake unapiga polepole mno. Asiweke tone lijalo la timololi kabla ya kuzungumza na daktari wake, na mazungumzo hayo yafanyike leo. Akishindwa kupumua vizuri, mpelekeni hospitali papo hapo na chupa zake zote mkononi. Latanoprosti aendelee nayo kama kawaida.

Wengi hushangaa tone la jicho linafikaje kifuani. Kwenye pembe ya ndani ya jicho kuna vitundu vidogo vinavyopeleka machozi puani. Ndiyo maana mtu akilia, kamasi hutoka. Dawa hupita njia hiyohiyo, hufyonzwa na ngozi laini ya ndani ya pua na kuingia kwenye damu bila kupitia ini kwanza. Huenda daktari hakuuliza habari za pumu. Huenda baba aliulizwa akajibu hana, maana watu wengi wakiulizwa dawa au magonjwa yao huwa hawafikirii kwamba jicho linahusika. Dawa mbadala zipo, kama dorzolamidi, na kwa baadhi ya wagonjwa hata tiba ya mionzi ya leza.

Sasa tone la pili. Hapana. Nafasi iliyopo kati ya kope na jicho haitoshi hata tone moja zima, kwa hiyo la pili humwagika shavuni au hukimbilia puani. Kwa latanoprosti kuna jambo jingine: ukiitumia zaidi ya mara moja kwa siku, uwezo wake wa kushusha presha unaweza kupungua badala ya kuongezeka.

Kinachosaidia zaidi ni jinsi tone linavyowekwa. Anawe mikono, aangalie juu, avute kope ya chini na kudondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho. Kisha afumbe macho taratibu, bila kupepesa wala kukaza, na abonyeze kwa kidole pembe ya ndani, karibu na pua, kwa dakika mbili. Hapo ndipo wengi huharibu: wanaweka tone, wanapepesa harakaharaka, wanafuta, wanaondoka. Kubonyeza huko huacha dawa jichoni na kupunguza inayoingia kwenye damu. Akiwa na dawa mbili za wakati mmoja, apumzike dakika tano kati yake, la sivyo ya pili huiosha ya kwanza. Mkono ukitetemeka, wewe mwekee.

Kuhusu nafuu: hataiona, na hilo halimaanishi dawa imeshindwa. Glakoma huua nyuzi za mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, na zilizokufa hazirudi. Matone hulinda zilizobaki. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ulifuatilia watu wenye presha ya juu ya macho ambao glakoma ilikuwa bado haijawaanza. Baada ya miaka 5, waliotumia matone walioipata walikuwa asilimia 4.4, na wasiotumia asilimia 9.5. Kipimo cha kliniki ndicho kitakachokuambia kama dawa inafanya kazi. Macho ya baba hayawezi kukuambia.

Wekundu ni kawaida kwa latanoprosti na mara nyingi hupungua. Inaweza pia kurefusha nywele za kope na kuzidisha weusi wa sehemu yenye rangi ya jicho. Ila kukiwa na maumivu, usaha au ukungu wa ghafla, aonwe mapema. Na tafadhali msinunue dawa ya kuondoa wekundu bila ushauri: matone yenye steroidi hutuliza jicho huku yakipandisha presha ileile mnayohangaika kuishusha.

Akisahau tone, aweke lijalo kwa wakati wake bila kurudufu. Andikeni kwenye chupa tarehe ya kuifungua na mfuate muda ulio kwenye kijikaratasi. Kwa latanoprosti mara nyingi ni wiki 4, hata kama dawa imebaki.

Siku ya kliniki aweke matone yake kama siku zote, na kama huwa anaruka, aseme. Daktari asipojua hilo, akikuta presha iko juu atamwongezea dawa nyingine wakati hata hizi za mwanzo hazitumiki inavyotakiwa.