Swali la lugha: "Kudhili" ndiko "kudhalilisha"?

SWALI: Katika Danieli 4:37, Biblia ya Union Version, Nebukadreza, mfalme wa Babeli, anasema "wale waendao kwa kutakabari, yeye aweza kuwadhili." Msomaji wetu kanisani husoma "kuwadhalilisha" ili vijana waelewe. Ni sawa? Na kutakabari ni kiburi tu?

JIBU: Asibadilishe. Maneno hayo mawili ni ya ukoo mmoja wa Kiarabu, lakini Kiswahili cha leo kimeyatenga. Kudhili ni kumshusha aliyejipandisha. Kudhalilisha ni kumvunjia mtu utu wake, na lawama humwendea mtendaji. Ndiyo maana Zanzibar hupigwa vita "udhalilishaji wa kijinsia". Ukilipachika neno hilo hapa, Mungu anakuwa mshtakiwa, ilhali Nebukadreza anamhimidi.

Lipime kwa Luka 14:11: "Kwa maana kila ajikwezaye atadhiliwa, naye ajidhiliye atakwezwa." Hebu soma madhabahuni "anayejidhalilisha atakwezwa" uone waumini watakavyotazamana! Ajidhiliye ni mnyenyekevu. Anayejidhalilisha anajiaibisha tu.

Kisa chenyewe kinaliunga mkono neno. Mfalme alifukuzwa kati ya watu, akala majani kama ng'ombe, kucha zikawa kama za ndege. Kisha akili zikamrudia, na enzi akarudishiwa. Huko ndiko kudhiliwa. Belshaza, mfalme mwingine wa Babeli katika sura ya 5, aliuawa usiku uleule wa karamu yake, na kwake ningesema "aliangamizwa".

Kutakabari kuna shina moja na kiburi, lenye maana ya ukubwa. Ila kiburi tumekitumia hadi kikapwaya: mtoto akikataa kutumwa dukani, ana kiburi. Kutakabari ni kujitwalia ukubwa usio wako. Waislamu wanalielewa upesi, kwani Al-Mutakabbir ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu: kwake ni sifa, kwa mja ni dhambi. Msikilize mfalme katika aya ya 30: "Mji huu sio Babeli mkubwa nilioujenga mimi...?" "Nilioujenga" ingetosha, maana nafsi imo tayari ndani ya kitenzi. Hiyo "mimi" ya ziada ndiyo kutakabari kwenyewe.

Basi msomaji wenu asome "kuwadhili", kwa dh ya dhahabu, si "kuwazili". Akiona vijana wamekodoa macho, aongeze "yaani kuwashusha", kisha aendelee.