Kabla hujapuliza chochote kwenye maua, fuata kwanza njia ya sisimizi

SWALI: Bwana shamba shikamoo. Naishi Tegeta, nina kibustani mbele ya nyumba, mawaridi 11 kwenye ndoo na haibiskasi 3 nimezipanda chini kando ya ukuta. Tangu Januari haibiskasi zimejaa kitu cheupe kama pamba kwenye ncha na majani yanajikunja, mawaridi machipukizi yote yamejaa vidudu vya kijani, halafu mawaridi 2 yaliyo karibu na ukuta majani yana vidoadoa vya njano kama yamemwagiwa vumbi, nikaongeza yurea nikijua ni njaa lakini wapi. Nimepuliza maji ya sabuni ya unga, majani yakaungua. Nimepuliza pilipili, nimepiga chafya mimi tu. Jirani ananiambia niloweke tumbaku. Sumu za dukani sitaki, nina mtoto wa miaka 2 anayekula mpaka mchanga. Sisimizi nao wapo wengi ila hao hawali maua kwa hiyo siwajali. Nianze na dawa gani ya asili?

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili na kilichonishika sio hiyo pamba wala hao wa kijani, ni hapo mwisho uliposema sisimizi hawali maua kwa hiyo huwajali. Hapo hapo ndo penyewe! Kweli maua hawali, ila hao ni wafugaji. Hao wa kijani, ambao sisi tunawaita vidukari, pamoja na hao weupe wa pamba, kazi yao ni kunyonya maji ya mmea, na maji ya mmea yana sukari nyingi kuliko wanayohitaji, kwa hiyo ile ya ziada inatokea nyuma kama vitone vitamu vinavyonata na sisimizi ndo anakuja kuvinywa. Sasa mfugaji gani anakubali fisi aingie zizini? Akija yule mdudu wa duara mwekundu mwenye madoa meusi, yule watoto wanamchezea mkononi, ambaye chakula chake ni vidukari, sisimizi wanamfukuza. Wakija vinyigu vidogo sana vinavyotaga mayai ndani ya mwili wa kidukari, wanafukuzwa. Wewe unapuliza Ijumaa, unaua nusu, walinzi wako palepale na wale ambao wangekusaidia hawasogei, na kidukari jike kwenye joto hili la Dar hahitaji hata dume, anazaa watoto hai moja kwa moja na mtoto naye ndani ya wiki moja hivi anaanza kuzaa. Ijumaa inayofuata wako vilevile unasema dawa haifanyi kazi.

Kwa hiyo usianze na dawa. Chukua kikombe cha chai, kaa kwenye kigoda asubuhi, fuata msururu wa sisimizi uone wanapandia wapi.

Kwa mawaridi ya kwenye ndoo una bahati, kazi ni rahisi. Unakumbuka yale makabati ya vyakula ya bibi zetu, miguu yote minne imesimamishwa kwenye makopo ya maji ili sisimizi wasifike kwenye sukari? Fanya hivyohivyo. Weka tofali kwenye beseni, ndoo juu ya tofali, maji yazunguke chini na utie sabuni kidogo. Sabuni usisahau na maji ubadilishe kila siku 3 au 4, maana mbu wa dengue anapenda sana maji yaliyotulia kwenye vyombo vya maua na Dar tumeshaonja dengue 2014 na tena 2019, sitaki nikutibu maua nikuletee homa. Halafu angalia tawi lolote lisiguse ukuta wala ndoo ya jirani yake, tawi moja tu likigusa umewajengea daraja, beseni halina kazi tena.

Haibiskasi za chini zungushia shina utepe mpana wa plastiki kisha paka grisi juu ya huo utepe, usipake grisi kwenye gome lenyewe, na hapo nako kata matawi yote yanayoegemea ukutani. Kila wiki pitisha jicho, vumbi likijaa kwenye grisi wanavuka kama kawaida.

Sasa hiyo pamba. Naomba ufanye kitu kimoja, chukua pamba ya masikioni uichovye kwenye spiriti, uguse kundi moja kisha ukwangue wale wadudu uwatie kwenye kifuniko chenye spiriti uwaache. Ukikuta mwili chini ya ile pamba una unjano, na baada ya kukaa kwenye spiriti wakageuka weusi weusi kama wino, basi huyo sio mwenyeji wa hapa, ni yule wa mpapai. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na huku kwetu Tanzania na Kenya ameanza kuripotiwa katikati ya miaka ya 2010. Anaitwa wa mpapai lakini haibiskasi anaipenda sana, na mhogo pia. Swali langu ni hili, una mpapai? Au jirani, huyo huyo wa tumbaku, anao? Nyanyua kichwa uangalie juu ya ukuta. Mara nyingi ninapoitwa kuangalia haibiskasi naishia kuangalia mpapai wa nyumba ya pili, matunda yamefunikwa pamba, upepo ukivuma vichanga vya huyo mdudu vinapeperuka, na sisimizi nao wanabeba. Bila kuugusa huo mpapai utapuliza mpaka uchoke.

Kwa haibiskasi zenyewe kata zile ncha zilizojikunja zote, usizionee huruma, haibiskasi inachipua upesi. Usizitupe kwenye mboji, zifunge kwenye mfuko mweusi uuache juani siku kadhaa mpaka viive humo ndani. Zilizobaki safisha kwa pamba ya spiriti kama ni chache, kama ni nyingi ndo sabuni, nitaieleza hapo chini. Ila angalizo: ukiona kitu cheupe chenye manyoya ya nta kinatembea HARAKA katikati ya kundi, kiache. Wale wanyonyaji wanajivuta taratibu au hawasogei kabisa, huyo anayekimbia kuna uwezekano mkubwa ni mtoto wa mdudu wa duara, jamii fulani ya hao watoto wao wanavaa sare ya adui na wanakula humohumo. Na watoto wa ile aina ya madoa ni kama vimamba vidogo vyeusi vyenye mabaka ya chungwa, watu wanawaua kila siku wakijua ni viwavi. Kidukari naye ukimkuta amevimba, amekauka, rangi ya udongo au dhahabu na hasogei, usimtoe, ndani yake kuna kinyigu kinakua.

Vidukari vya mawaridi ni wepesi kuliko unavyodhani, shida ni hiyo yurea. Naitrojeni nyingi inaleta machipukizi laini, mororo, yamejaa chakula, yaani umewapikia pilau. Acha yurea kabisa mwezi mzima, waridi lishibe samadi iliyooza vizuri tu. Kisha kila asubuhi, siku 5 au 6 mfululizo, shika chipukizi kwa mkono mmoja na mpira wa maji kwa mkono mwingine, bana mdomo wa mpira maji yatoke kwa nguvu, wapige waanguke. Kidukari akianguka chini wengi hawarudi, mdomo wake laini unaweza kukatikia kwenye jani na chini kuna buibui na wengine wanamsubiri. Fanya asubuhi sio usiku, majani ya waridi yakilala na maji unakaribisha ugonjwa wa madoa meusi.

Hayo mawaridi 2 ya ukutani ni kesi nyingine, na wala sio njaa. Chukua karatasi nyeupe, weka chini ya jani, gongagonga jani kwa kidole. Ukiona vumbi linatembea, ni utitiri. Huyo hata sio mdudu, ana miguu 8, ni ndugu wa buibui, na ukimwacha muda mrefu utaona utando mwembamba chini ya majani. Anapenda joto, ukavu na vumbi, na ukuta wako wa kupigwa jua la mchana unampa vyote vitatu. Kitu cha kwanza hamisha hizo ndoo, zitoe ukutani hata mita moja na nusu. Majani yaliyochoka kabisa toa. Yaliyobaki osha UPANDE WA CHINI kwa maji, siku moja ndiyo siku moja hapana, wiki 2. Hapa ndipo napenda kuwaambia watu kuhusu zile dawa za wadudu za madukani za jamii ya pareto bandia: mara nyingi zinaua wanaomla utitiri kuliko utitiri wenyewe, baada ya wiki 3 umemzidisha mara kadhaa.

Haya, sabuni. Sabuni inafanya kazi kweli, sio hadithi, inavunja ngozi ya vidudu laini, wanakauka. Ila inaua aliyelowa tu, ikishakauka haina nguvu tena, kwa hiyo ukipuliza juu ya jani wakati wao wako chini umeosha jani. Sabuni ya unga ndo iliyokuunguzia, ile ina chumvi na vitu vya kung'arisha nguo, mmea hauhitaji kung'ara. Tumia sabuni ya mche ya kawaida, ikwangue, gramu 10 hivi kwa lita moja ya maji, iyeyushe kwa maji ya moto kidogo kwanza. Na maji yenyewe ni maji gani? Kama ni ya kisima yenye chumvi, na huko kwenu visima vingi ni hivyo, sabuni itaganda vipande vipande haitafanya kazi na majani yataungua tena. Tumia ya bomba au ya mvua. Jaribu majani 3 kwanza usubiri siku 2. Puliza jioni jua likishapoa, rudia kila baada ya siku 5 mpaka 7, mara 3. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nikiwa kijana nina haraka niliwahi kupuliza mawaridi ya mteja saa 7 mchana mwezi wa pili, kesho yake nilipigiwa simu nikajua hata kabla ya kupokea. Sikulipwa na nilistahili.

Mwarobaini ni mzuri sana lakini watu wanautumia vibaya. Majani yanasaidia kidogo, nguvu iko kwenye kiini cha mbegu. Okota matunda yaliyoiva, toa nyama, kausha mbegu KIVULINI, jua linaua dawa yenyewe. Menya, twanga kwenye kinu, gramu 50 za kiini kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kipande cha kanga kuukuu, tia sabuni kidogo ili ishike, puliza jioni hiyohiyo, usiweke kiporo. Na usitegemee kuona maiti asubuhi. Haiui papo hapo, inamkatisha hamu ya kula na inamzuia asijivue gamba akue, kwa hiyo ni siku kadhaa ndo unaona wanapungua. Wengi hapa ndo wanakata tamaa siku ya pili wanarudi kwenye pilipili. Pilipili na kitunguu saumu sivikatai, vinafukuza kidogo, ila kwa kazi uliyonayo wewe ni kupoteza muda, na kwenye nyumba ya mtoto anayeshikashika kila kitu halafu anajipangusa macho mimi siweki.

Tumbaku HAPANA. Jirani ana nia njema ila ile nikotini ni sumu kali kweli, inapita hata kwenye ngozi, mtoto wa miaka 2 akinywa lile maji ni hospitali. Eti kwa sababu ni jani basi ni salama, sijui hii imani ilitoka wapi. Hata mwarobaini na spiriti weka juu asikofika.

Majivu ya kutia shinani pia usizidishe, hasa kama una iksora, kile kichaka cha maua, udongo wa pwani wenye matumbawe tayari una chokaa nyingi na majivu yanaongeza, majani yatakuwa ya njano mishipa ikabaki kijani utaniandikia tena.

Kuna mmoja ataniuliza, mbona maji moto wanasifiwa kwenye mikorosho na minazi, nao si sisimizi? Ndiyo, wale wakubwa wekundu wanaoshona majani ni walinzi hodari, hata mbawakimya, yule mdudu anayenyonya nazi changa, anawajua vizuri. Lakini kwenye bustani ya mita 4 mlangoni na mtoto anacheza chini, hapana kwa kweli, na hata hao nao wana mifugo yao.

Kwa hiyo wiki hii mabeseni, grisi, kukata ncha na kuhamisha zile 2. Maji kila asubuhi. Sabuni wiki ijayo kwa watakaokuwa wamebaki tu. Kwa jirani nenda na kitu mkononi, umwambie taratibu kuhusu mpapai. Baada ya wiki 2 nitumie picha, ila upige upande wa chini wa jani, ya juu sina kazi nayo.