Hukumu ya kutia vipande vya chuma badala ya sarafu kwenye mashine ya kufulia

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nasoma London. Mashine ya kufulia ya hapa tunapoishi hutumia sarafu za pauni 1. Wenzangu hutia vipande vya chuma, nami nimefanya hivyo mara kadhaa. Wanasema mashine si mtu, hakuna aliyedanganywa, tena kampuni si ya Waislamu. Pia nina sarafu bandia niliyopewa kama chenji. Je, naweza kuitia humo?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Hilo ni haramu, na sarafu bandia nayo usiitie.

Mashine haikodishi kitu. Anayekodisha ni mwenyewe. Bei aliyoibandika ndiyo kauli yake, na kutia kwako sarafu ndiko kukubali. Mafaqihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, huyaita makubaliano hayo ya vitendo mu'aatwaa. Wengi katika madhehebu yetu ya Shafi walishurutisha tamko la mdomo, lakini Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayo, alichagua kuwa ni sahihi pale ada ya watu ilipoyakubali. Basi mwenye mashine ameridhia pauni, hakuridhia bati. Allah Amekataza kuliana mali kwa batili isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana (An-Nisaa: 29).

Hoja ya "mashine si mtu" iliwahi kuzisumbua hata mahakama za Uingereza, kwa kuwa udanganyifu ulihitaji akili ya mtu ya kudanganywa. Sheria ya Ulaghai ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika tarehe 15 Januari 2007, ililifunga pengo hilo: kifungu cha 2 kinahesabu kuwa ni ulaghai hata ukikihadaa chombo kisicho na mtu nyuma yake. Adhabu ya juu ya ulaghai ni kifungo cha miaka 10.

Na kampuni kutokuwa ya Waislamu hakuhalalishi mali yake. Umeingia nchi ile kwa viza, nayo ni ahadi ya usalama baina yako na wao. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka alimwacha Ali (r.a.) awarudishie Makureshi amana zao, nao ndio waliotaka kumuua.

Kuhusu sarafu bandia, Imam Ghazali katika kitabu chake Ihya amenukuu kuwa kutoa dirhamu moja ya bandia ni kubaya kuliko kuiba dirhamu mia, kwani wizi huisha, lakini bandia huzunguka mikononi mwa watu hata baada ya kufa kwako. Akaelekeza itupwe kisimani isifikiwe na mkono. Wewe ipeleke polisi. Hutafidiwa, na hasara hiyo ivumilie.

Kutubia kwako hakutimii mpaka haki irudi. Hesabu mizunguko uliyofua, zidisha kwa bei iliyobandikwa, kisha punguza pauni za kweli ulizotia. Ukisahau idadi, shika ile kubwa mpaka moyo utulie. Kama chuma kilikwama na fundi akaitwa, gharama yake nayo iko juu yako. Usidhani kutia sarafu za ziada kunatosha: huenda mashine ikazirudisha usipobonyeza kitufe, au utaendesha maji na umeme bure kwa hasara ya huyo huyo unayemlipa. Tafuta jina la mwenye mashine kwenye kibandiko, au umuulize mwenye nyumba, kisha mtumie fedha. Si lazima utaje sababu. Allah Amekusitiri, nawe jisitiri. Akikosekana kabisa baada ya kutafutwa, zitoe kwa masikini.

Wenzako wakiendelea, wanasihi faraghani, na usifue kwa mzunguko walioulipia kwa bati.

Wallahu a'lam.